Katika utafiti wa ubongo, mgonjwa huulizwa uji

Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na zaidi tangu Mei mwaka huohuo, taasisi za taifa za afya za nchi hiyo, NIH, zilipotangaza kusitisha ruzuku zinazopitia vyuo vya kwao kwenda kwa washirika wa nchi nyingine hadi utaratibu mpya upangwe, mazungumzo yetu hapa Uganda kuhusu tafiti za afya yamekuwa ya kambi mbili. Kambi ya kwanza inashangilia: afadhali waende, tumechoka kuwa panya wa maabara. Kambi ya pili inalia kwamba sayansi yetu inakufa, kisha inamalizia na lawama ileile ya miaka yote, kwamba hata pesa zikirudi kesho, Mganda ni mwoga, hasa utafiti ukigusa kichwa chake. Nadhani zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zinadhani suala ni kama watu wetu wanataka au hawataki. Watu wetu wamekuwa wakikubali kwa miaka mingi, tena kwa maelfu. Wanachokosa ni kuulizwa kwa maana halisi ya kuulizwa, na kwenye ubongo upungufu huo una uzito wake wa pekee, kwa sababu kiungo kinachotakiwa kutoa ridhaa ndicho hichohicho kinachochunguzwa. Mimi niko upande wa kujitolea, ila kujitolea ninakokutetea kuna masharti.

Tuanze na hiyo tuhuma ya woga, maana historia haiiungi mkono. Taasisi ya virusi ya Entebbe ilianza mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano, na virusi vya Zika vilivyopatikana mwaka 1947 vimebeba jina la msitu ulio jirani nayo. Wanavijiji wa Rakai wamekuwa wakifuatiliwa na watafiti tangu 1988, wale wa Kyamulibwa tangu 1989. Huo ni muda wa kutosha kwa mtu aliyetoa damu akiwa kijana kuwa leo na wajukuu. Ebola ya aina ya Sudan ilipotangazwa nchini tarehe 30 Januari 2025, jaribio la chanjo lilianza siku 4 baadaye, likapewa jina la Kiswahili, Tokomeza, na watu waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa wakatoa mikono yao kwa chanjo ambayo hakuna aliyejua kama ingefanya kazi. Watu waoga hawafanyi hivyo.

Tukija kwenye ubongo, mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu aina ya kriptokoka, ambayo huwavamia watu wenye VVU kinga yao ikishashuka sana. Kichwa huuma hadi mtu hawezi kuvumilia mwanga, macho huona kitu kimoja viwili, kisha fahamu huanza kupotea. Kulikuwa na ubishi mkubwa wa kitabibu: mgonjwa aliyekutwa na homa hii kabla hajaanza ARV, aanzishwe mara moja au asubiri? Akili ya kawaida ilisema aanze haraka, kwani kinga ndiyo iliyopotea. Wagonjwa 177 wa Uganda na Afrika Kusini wakaingia kwenye makundi mawili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yakaikanusha akili ya kawaida. Miongoni mwa walioanzishwa ARV ndani ya wiki 2, asilimia 45 walikuwa wamekufa kufikia wiki ya 26. Miongoni mwa waliosubiri hadi karibu wiki ya 5, asilimia 30. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake ili asiendelee kuumia mtu zaidi. Miaka 2 baadaye utafiti mwingine uliohusisha Uganda na nchi za Asia ukaonyesha kwamba deksamethasoni, dawa ambayo madaktari wengi walidhani ingesaidia kwa kutuliza uvimbe, iliwadhuru wagonjwa hawa. Kisha mwaka 2022 yakatoka matokeo ya wagonjwa 814 wa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe: dozi moja kubwa ya amfoterisini, dawa ya kuua kuvu, iliyofungwa ndani ya vitone vidogo vya mafuta (liposomu), pamoja na vidonge, ilifanya kazi sawa na wiki nzima ya dripu ya kila siku ya amfoterisini ya zamani, ile inayochosha figo na kumaliza damu. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake kwa dunia nzima.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu hao waliolala wodini Kampala na Mbarara hawatajwi popote, na pia kwa sababu yanaonyesha bei halisi. Nusu ya wale 177 walipata, bila kosa la mtu yeyote, matibabu yaliyogeuka kuwa mabaya zaidi. Utafiti wa kweli uko hivyo. Kama jibu lingekuwa linajulikana, kusingekuwa na haja ya kuuliza mtu.

Kuna kujitolea kwingine kusikozungumzwa kabisa, kwa mtu asiyeumwa. Sote tumesikia mama akisema mtoto wake alikuwa mwepesi darasani hadi malaria ilipompanda kichwani. Hospitali ya Mulago, Kampala, waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliopona malaria ya namna hiyo, na miaka 2 baadaye asilimia 26, yaani mmoja kati ya wanne, bado walikuwa na upungufu wa kumbukumbu, umakini au uwezo wa kujifunza. Lakini takwimu hiyo isingekuwa na maana yoyote bila watoto wazima wa kutoka familia na mitaa ileile waliokaa kwenye kiti kilekile na kufanya majaribio yaleyale. Kwao upungufu ulikuwa karibu asilimia 8 tu. Tofauti kati ya 26 na 8 ndiyo iliyothibitisha kwamba mama alikuwa anasema kweli. Huyo mtoto mzima, ambaye mzazi wake alipoteza siku nzima ya soko kumleta, hakupata hata panadoli. Ukiniuliza nani hasa anastahili kuitwa aliyejitolea, nitamtaja yeye.

Sasa hoja ya panya wa maabara. Ina nguvu kuliko wataalamu wanavyopenda kukiri, na ubongo umo ndani ya historia yake. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan katika utafiti wa watoto 200. 11 walikufa, wa kundi la Trovan na wa kundi lililopewa dawa ya kulinganisha, na wazazi wakadai kwamba hawakuelezwa kuwa huo ni utafiti. Kesi zilivutana hadi 2009, kampuni ilipokubaliana na jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Katikati ya hapo, mwaka 2003, Kano ikasusia chanjo ya polio, na polio ikasambaa tena hadi nchi zilizokuwa zimeshaimaliza. Deni la utafiti mmoja lililipwa na watoto waliozaliwa baadaye, kwa miguu yao. Kwetu huku, waulize wazazi wa Kitgum, Pader na Lamwo, kaskazini, kuhusu ugonjwa wa kutikisa kichwa, aina ya kifafa cha watoto. Walitoa damu ya watoto, wakatoa maji ya uti wa mgongo, na familia kadhaa zilikubali jambo ambalo sijui kama mimi ningeliweza: mtoto akishafariki, ubongo wake ufunguliwe. Bongo 5 hizo ndizo zilizowaonyesha wanasayansi, mwaka 2018, mabaki ya protini iitwayo tau, ambayo tulizoea kuisikia kwa wazee wenye Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ndani ya vichwa vya vijana ambao hawajafika hata miaka 20. Ugunduzi mkubwa. Mzazi mwenye kijana wa miaka 25 asiyeweza kuachwa karibu na moto ana haki ya kuuliza ugunduzi huo umeingia vipi nyumbani kwake.

Hoja hiyo inanishinda nguvu hadi inapofika kwenye hitimisho lake, kwamba basi tusishiriki. Kutoshiriki hakutuondoi kwenye kupimwa. Kunatufanya tupimwe kwa rula ya wengine. Mwezi uleule wa Mei 2025, NIH ilipofunga bomba, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer. Kipimo kama hicho kitafika Kampala siku moja, kwenye maabara binafsi, kwa bei yake. Mstari unaotenganisha mgonjwa na mzima utakuwa umechorwa kwa damu ya nani? Kufikia mwaka 2018, watu wa asili ya Afrika walikuwa karibu asilimia 2 tu ya washiriki wote wa tafiti kubwa za kulinganisha jeni na magonjwa. Na tunajua tayari kwamba ubongo wetu haufuati kila kanuni iliyoandikwa kwingine. Jeni ya APOE4, inayoongeza sana hatari ya Alzheimer kwa watu wa asili ya Ulaya, kwa Waafrika inaonyesha nguvu ndogo zaidi ingawa wengi tunayo. Wayoruba wazee wa Ibadan, Nigeria, walipolinganishwa na Wamarekani weusi wa Indianapolis, katika matokeo ya mwaka 2001, shida ya akili ya uzeeni iliwapata asilimia 1.35 kwa mwaka kule Ibadan na 3.24 kule Indianapolis. Kwa nini? Lishe, moyo, kisukari, shule, kutembea kwa miguu. Majibu yako mengi, na hakuna atakayeyachambua kwa ajili yetu sisi tukiwa tumefunga mlango.

Nitaleta kisa kimoja cha nyumbani, kwa sababu kilinifundisha kuliko makabrasha. Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu kwenye utafiti wa kumbukumbu za wazee. Ni mjane wa polisi, ameishi kambini karibu miaka 30, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, kifupi na kisicho na mapambo. Kijana wa utafiti, mpole kabisa, akampa penseli na kumwambia, "Shangazi, chora uso wa saa, halafu weka mishale kwenye saa tano na dakika kumi." Hilo ni zoezi maarufu duniani; asili yake ni saa 11:10 ya Kiingereza. Shangazi aliishika penseli kama anayeshika mwiko, akachora duara zuri, akapanga namba zote 12, kisha akaweka mshale mfupi kwenye 5. Umeambiwa tano, unaweka kwenye tano. Hajawahi kuvaa saa ya mkono. Saa zake anazipata redioni na kwenye adhana. Sisi wengine tumezoea kutazama 11 na kutamka tano, wasemaji wa Luganda vilevile kwa lugha yao, na hatujiulizi ni mzunguko gani wa akili tunaoufanya hapo. Kijana akatazama mchoro, akatazama karatasi yake ya alama, akarudi kwenye mchoro. Akaandika kitu. Kama aliandika kosa, mama mwenye akili timamu amehesabiwa kuwa ameanza kupotea. Kama aliandika sawa, amevunja kanuni ya kipimo. Tatizo hilo haliwezi kutatuliwa Boston. Litatatuliwa na wazee wetu mia kadhaa watakaokubali kuchora saa, na watafiti watakaokubali kwamba rula ndiyo yenye kasoro.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kambi ya pili, kwamba watu waelimishwe ndipo waache woga. Mfano wanaoupenda ni sindano ya mgongo. Ni kweli, ukitaja kuchukua maji ya uti wa mgongo, wapo ndugu watakaombeba mgonjwa usiku na kuondoka naye, kwa imani kwamba sindano hiyo huua au hupoozesha. Lakini imani hiyo imetoka wapi? Mgonjwa hufika hospitali akiwa ameshapitia duka la dawa, zahanati, pengine na mganga. Anachomwa sindano akiwa hatua ya mwisho. Kesho yake anafariki. Jirani aliyeona sindano jioni na jeneza asubuhi hajakosa elimu. Ameona kwa macho yake, ila sababu ameikosea. Mtu huyo hajibiwi kwa semina. Unamjibu kwa kumpima mgonjwa mapema wakati angali anatembea, na kwa kumweleza kwamba katika homa ile ya kriptokoka kutoa maji hayo hupunguza shinikizo kichwani na ni sehemu ya tiba yenyewe. Kijiji kitakapomwona mmoja aliyechomwa akarudi kulima, hadithi itabadilika bila bango.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kinyume cha woga, yaani tumaini lililopita kiasi. Madaktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu nchini ni wachache, picha ya kichwa ni gharama ambayo familia huuzia ng'ombe, na ghafla anakuja mtu mwenye fulana yenye nembo akisema utapigwa picha bure na nauli ya bodaboda utarudishiwa. Nani atasoma kurasa 9 za fomu? Mtu anatia kidole gumba akiamini amepata daktari. Daktari kazi yake ni kumtibu huyu aliye mbele yake. Mtafiti kazi yake ni kujibu swali, hata kama mara nyingi ni mtu yuleyule ndani ya koti lilelile jeupe. Tofauti hiyo haitafsiriki kirahisi, na lugha yetu yenyewe inatutegea mitego. Nimeona fomu ya Kiswahili iliyoandaliwa kwa ajili ya wakimbizi Wakongo, ambako kidonge kisicho na dawa ndani yake kimeitwa "dawa bandia". Kwa msomaji yeyote wa Kiswahili, dawa bandia ni ile feki inayouzwa na matapeli. Kugawanywa makundi bila upendeleo kumeitwa "bahati nasibu", kana kwamba kuna gari la kushinda. Mtu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali akiikubali fomu hiyo, amekubali nini? Tangu 2022 baraza letu la mawaziri limeagiza Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima, na kamati za maadili bado zinaletewa tafsiri ambazo mwalimu wa darasa la saba angezirudisha na wino mwekundu.

Hapo ndipo ubongo unapojitenga na viungo vingine. Mwenye goti bovu anaweza kukataa utafiti wa goti kwa akili yake yote. Mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo aliyechanganyikiwa hawezi, kwa hiyo ndugu husaini kwa niaba yake, na utaratibu mzuri hudai aulizwe tena mwenyewe akishapata fahamu. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji: anahitaji, mpe. Ni methali ya huruma, na nyumbani inafaa. Kwenye utafiti ndiyo njia fupi ya kumdhulumu mtu, kwa sababu uji huu huenda usiwe uji. Ndugu anayesaini huwa amechoka, hajalala siku 3, anamwogopa daktari, na pengine ni shemeji aliyefika jana kwa basi. Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia lina mwongozo kuhusu haya, na sheria ya kulinda taarifa za watu ipo tangu 2019, karatasi tunazo. Tusichokuwa nacho ni mazoea ya mzee mwenye akili zake timamu kusema mbele ya watoto wake: nikipotewa, fulani ndiye atakayenisemea, na ubongo wangu naruhusu hiki, kile sikiruhusu. Tunagawa mashamba kwa wosia. Kichwa tunakiacha bila msemaji.

Ndiyo maana kufungwa kwa bomba la Marekani sikuoni kama baraka, na kama msiba nauona kwa sababu tofauti na inayotajwa. Tulizoea fedha zije na swali lililokwisha kuandikwa, nasi tuchangie vichwa. Mbale inaonyesha njia nyingine. Hospitali ya watoto wenye kichwa maji ilipofunguliwa pale mwanzoni mwa miaka ya 2000, swali lilitoka mlangoni: mama anaishi mbali, mrija ulioingizwa kichwani ukiziba usiku atamfikisha vipi mtoto? Upasuaji wa kufungua njia ya maji ndani kwa ndani bila kuacha mrija ukaboreshwa hapohapo, ukalinganishwa na mrija kwa watoto 100 katika matokeo ya 2017, ambayo hayakuonyesha tofauti kubwa ya ukuaji wa akili baada ya mwaka mmoja. Mwaka 2020, maji ya vichwa vya watoto wa hospitali hiyohiyo yakafichua bakteria wa jamii ya Paenibacillus kama chanzo kimojawapo cha ugonjwa huo. Wageni walishiriki, fedha za wageni pia, lakini swali lilikuwa la mama wa pale. Serikali ikitaka kuziba pengo, hata kwa kiasi kidogo, ianze kulipia maswali ya aina hiyo. Na kamati za maadili zikatae kupitisha utafiti wowote wa ubongo usioonyesha ni lini, na kwa lugha gani, mshiriki ataletewa majibu, na kama dawa ikifaulu, hospitali ya wilaya yake itaipata vipi. Dozi ile moja ya amfoterisini bado haipatikani kila mahali hapa nchini, ingawa Waganda walikuwamo miongoni mwa waliotuthibitishia kwamba inatosha.

Shangazi alipigiwa simu mwezi uliopita kwa awamu ya pili. Nilikuwepo, sauti ikiwa imefunguliwa. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama nauli ni ileile, akaambiwa ndiyo. Kisha akasema, "Nitakuja, mwanangu, lakini kwanza nionyesheni ile saa niliyoichora mwaka jana." Upande wa pili ukanyamaza kidogo. Kijana akasema ataulizia ofisini.